Dkt. Robert Koch (1843–1910): Maisha ya Uthibitisho

Miongoni mwa watu waliogusa huduma ya tiba katika Kanda ya Ziwa, wapo waliofika wenyewe, na wapo ambao mbinu zao tu ndizo zilizofika. Daktari Robert Koch wa Ujerumani yumo katika makundi yote mawili. Mwaka 1906 alifika Mwanza akiongoza msafara wa kuchunguza ugonjwa wa malale. Aidha, mtaalamu wa maabara anayepaka makohozi juu ya kioo katika Kambarage, Kahama au Geita, na mganga wa mifugo anayevuta majimaji kutoka kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio la ng'ombe, wote wawili wanapita katika njia aliyoifungua yeye.

Maisha yake yana mafunzo ya namna mbili. Yapo mafunzo ya subira, kwa maana alikuwa mtu asiyekubali kuutaja ugonjwa kabla ya kuuthibitisha. Yapo pia mafunzo ya makosa, ambayo baadhi yake yalitendeka hapa hapa Afrika Mashariki, na gharama yake ikalipwa na wagonjwa na wafugaji. Masimulizi yanayomsifu tu hayasemi kweli yote, na yanayomlaumu tu hayawasaidii wanaohudumu leo katika hospitali na zahanati zetu.

KUZALIWA NA ELIMU

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi, naye alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13. Alikulia katika mji ambao riziki ya watu wake ilitegemea mgodi, jambo ambalo wakazi wa Geita na Mwadui hulielewa bila maelezo marefu.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake alikuwa Profesa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo mno. Henle alikuwa na hoja, lakini hakuwa na ushahidi, na kazi ya kuutafuta ushahidi huo ilikuja kumwangukia mwanafunzi wake.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti yao wa pekee, Gertrud. Baada ya kuhudumu kama tabibu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871, aliteuliwa mwaka 1872 kuwa mganga wa wilaya ya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko katika nchi ya Poland.

KIMETA KATIKA WOLLSTEIN

Wilaya ya Wollstein ilikuwa ya wakulima na wafugaji, na adui yao mkubwa alikuwa kimeta. Kondoo na ng'ombe walikufa ghafla, na pengine mchunaji au mchungaji aliugua na kufa vilevile. Watafiti wa awali walikuwa wameviona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa au vilizaliwa na ugonjwa wenyewe.

Koch hakuwa na maabara wala msaidizi. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kuonea wagonjwa, akaweka hadubini, na kufanya kazi pale baada ya saa za huduma. Kwa kibanzi safi cha mti aliingiza damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta katika ngozi ya panya, na panya huyo akafa. Damu ya panya huyo aliiingiza kwa mwingine, na ya huyo kwa mwingine tena, na kila mara alivikuta vijiti vilevile. Kisha alivikuza nje ya mwili, katika tone la majimaji ya jicho la ng'ombe. Aliviona vikirefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo zikatokea mbegu ndogo zenye kung'aa. Mbegu hizo zilistahimili ukavu, na zilipowekwa tena katika majimaji zilirudi kuwa vijiti vyenye uwezo wa kuua.

Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka, hata wakazi wakayaona kuwa yamelaaniwa. Mbegu za kimeta zilikuwa udongoni zikisubiri. Ndiyo sababu mpaka leo wafugaji wa Shinyanga huonywa wasiupasue mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani, kwa kuwa damu iliyomwagika na kupata hewa ndiyo inayozalisha mbegu hizo.

Mwaka 1876 Koch alisafiri hadi Breslau na vifaa vyake pamoja na panya wake, akayarudia majaribio yote mbele ya Profesa Ferdinand Cohn na wenzake. Aliwataka waone kwa macho yao kabla hajachapisha neno lolote. Tabia hiyo ya kuiweka kazi yake chini ya macho ya wengine ndiyo iliyomjengea jina. Alipoiacha, katika miaka ya baadaye, ndipo alipojikwaa.

KIFUA KIKUU NA MASHARTI YA UTHIBITISHO

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola, na huko alipata maabara na wasaidizi, akiwemo Friedrich Loeffler. Tatizo lao la kwanza lilikuwa uchafuzi. Katika supu ya nyama bakteria wa aina nyingi huota pamoja, na mtafiti hawezi kujua ni yupi anayemchunguza. Koch aligundua kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa kila bakteria hujijengea kituo chake pekee, na hivyo aina moja inaweza kutengwa na nyingine. Baadaye alitumia jelatini. Kisha Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi naye, alipendekeza agari, kitu kilichotokana na mwani wa baharini ambacho alikuwa akikitumia jikoni kwake. Mwaka 1887 Julius Richard Petri, msaidizi mwingine, alibuni kisahani chenye kifuniko ambacho hadi leo kinatumika katika maabara zote duniani.

Kwa mbinu hizi Koch aliukabili ugonjwa wa kifua kikuu, ambao wakati ule ulikadiriwa kuua mtu mmoja katika kila vifo saba. Bakteria wake hawakupokea rangi kirahisi, na waliota polepole mno, hata mtu asiye na subira angevitupa vyombo kabla ya kuona kitu. Yeye alisubiri. Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Alileta hadubini na vioo vyake ukumbini ili wasikilizaji wahakiki wenyewe. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kutokana na kazi hiyo yalizaliwa masharti yanayojulikana kwa jina lake, yaliyowekwa bayana na Loeffler na Koch kuanzia mwaka 1884. Kwanza, kijidudu kinachodhaniwa kiwepo kwa kila mgonjwa wa ugonjwa huo. Pili, kitengwe na kuoteshwa peke yake bila kuchanganyika na kingine. Tatu, kikiingizwa kwa mnyama mzima kilete ugonjwa uleule. Baadaye likaongezwa la nne, kwamba kipatikane tena kwa mnyama huyo. Masharti haya hayawezi kutimizwa kwa kila ugonjwa, na Koch mwenyewe alikutana na ugumu huo alipochunguza kipindupindu huko Misri na India mwaka 1883 na 1884, kwa kuwa hakupata mnyama aliyeweza kuugua kipindupindu kama binadamu. Hata hivyo, kiini chake kimebaki: dalili pekee hazitoshi, na dhana ya mkubwa si ushahidi.

DAWA YA SIRI

Mwezi Agosti 1890, katika Mkutano wa Kimataifa wa Tiba uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu chenye kuzuia kukua kwa kifua kikuu. Baadaye kikaitwa tuberkulini. Hakueleza jinsi kilivyotengenezwa, na kwa sababu hiyo hakuna mtaalamu mwingine aliyeweza kukihakiki. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya, na madaktari wakawachoma sindano kwa kuliamini jina lake.

Mapema mwaka 1891 mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, Rudolf Virchow, alitoa taarifa ya maiti za watu waliotibiwa kwa tuberkulini. Alionyesha kuwa ugonjwa haukupona, na kwamba kwa baadhi yao dalili zilikuwa za kuenea zaidi. Matumaini yakageuka kilio. Kitu chenyewe kilikuwa ni utomvu wa bakteria wa kifua kikuu uliochanganywa na gliserini, nacho hakikuwa na uwezo wa kuponya.

Lakini watu wengine, kwa kupima na kupima tena, waliona jambo ambalo Koch hakulilenga. Mtu au ng'ombe mwenye maambukizi ya kifua kikuu huvimba au kupata homa akichomwa tuberkulini, ilhali asiye na maambukizi haonyeshi chochote. Hivyo kitu kilichoshindwa kuwa dawa kikawa kipimo. Nchini Denmark, Profesa Bernhard Bang alikitumia kuwatenga ng'ombe wenye ugonjwa na wasio nao, na hadi leo kipimo cha ngozi kwa binadamu na mifugo kina asili hiyo.

SOTOKA NA NDIGANA

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuangamiza sehemu kubwa sana ya ng'ombe, wakiwemo wa Usukuma, kisha ikaendelea kusini. Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch aliitwa Afrika Kusini, akaweka kituo Kimberley. Baada ya miezi michache alitangaza kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikichomwa kwa ng'ombe mzima, humpa kinga. Njia hiyo iliokoa mifugo mingi, lakini nguvu yake ilitofautiana kati ya nyongo na nyongo, na pengine nyongo yenyewe ilipeleka ugonjwa. Wilhelm Kolle, msaidizi aliyemwacha nyuma, pamoja na George Turner, waliendelea kuhakiki hadi wakapata njia bora ya kutumia seramu pamoja na damu yenye ugonjwa. Safari ndefu ya vita dhidi ya sotoka ilikamilika mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa duniani.

Kutoka Afrika Kusini Koch alipelekwa India kuchunguza tauni, na katikati ya mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, alikokaa hadi mwaka 1898. Alichunguza malaria, akisisitiza kwamba homa isitibiwe kwa kubahatisha bali damu ya mgonjwa itazamwe. Kutoka magharibi ya Ziwa Victoria aliletewa vielelezo na daktari wa jeshi aitwaye Zupitza, aliyekuwa ametumwa Kiziba, Bukoba, kwenye ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko. Koch alithibitisha kwamba ulikuwa tauni.

Kosa lake la Dar es Salaam lilihusu ng'ombe. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vya namna mbili: vikubwa vyenye umbo la peasi, ambavyo vilijulikana kuwa ndivyo vya ugonjwa wa kukojoa damu, na vingine vidogo kama vijiti. Aliamua kwamba vile vidogo ni hatua ya awali ya vile vikubwa, na kwa hiyo ugonjwa ni mmoja. Hakuwa amevitenga viwili hivyo kama masharti yake mwenyewe yalivyodai, kwa kuwa ng'ombe wale walikuwa wamebeba vyote kwa pamoja.

Miaka michache baadaye ng'ombe wengi walikufa katika Rhodesia. Ugonjwa ulikuwa umeingia kupitia bandari ya Beira pamoja na mifugo ya pwani ya Afrika Mashariki iliyopelekwa kujaza pengo lililoachwa na sotoka. Madaktari wa mifugo waliona vimelea vidogo, wakakumbuka maandiko ya Koch, wakauita ugonjwa wa kukojoa damu, ingawa ng'ombe hawakukojoa damu. Mwaka 1903 serikali za kusini mwa Afrika zilimwita Koch mwenyewe hadi Bulawayo. Huko alitambua kwamba ulikuwa ugonjwa wa pekee, akauita homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wa Tanzania huujua kwa jina la ndigana kali.

Hata hivyo, alibaki na sehemu ya fikra za zamani. Alishauri ng'ombe wachomwe mara kwa mara damu ya ng'ombe waliopona, kama ilivyofaa kwa ugonjwa wa kukojoa damu. Wafugaji walitii, lakini ng'ombe wao waliendelea kufa. Arnold Theiler na Charles Lounsbury, waliokuwa wakifanya kazi Afrika Kusini, walirudia kila hatua na kuonyesha sababu. Kimelea cha ndigana kali hukaa zaidi katika tezi na chembe nyeupe, na kwa kawaida hakisafiri kwa kuchomwa damu. Kinaenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, ilhali ugonjwa wa kukojoa damu huenezwa na kupe wa bluu. Kimelea hicho sasa huitwa Theileria parva, kwa heshima ya Theiler. Koch naye ana sehemu yake, kwa maana miili midogo ya rangi ya bluu inayoonekana katika majimaji ya tezi ya ng'ombe mgonjwa, ambayo ndiyo alama ya kuuthibitisha ugonjwa huo, aliiona yeye na inaitwa kwa jina lake.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Dawa inayotibu ugonjwa wa kukojoa damu haitibu ndigana kali. Mfugaji wa Shinyanga anayeuziwa dawa kwa kutajiwa homa bila tezi kuguswa wala kioo kutazamwa anaweza kupoteza fedha na ng'ombe kwa pamoja, na kwa familia nyingi ng'ombe huyo ndiye ada ya shule na matibabu ya nyumbani.

KAULI YA MWAKA 1901

Mwaka 1901, katika mkutano wa kifua kikuu uliofanyika London, Koch alitamka kwamba kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na kwamba hatari ya watu kuambukizwa kwa maziwa na nyama ni ndogo kiasi cha kutohitaji hatua za kuizuia. Kuhusu tofauti ya bakteria alikuwa sahihi, lakini hitimisho alilolijenga juu yake halikuwa na uthibitisho wa kutosha. Serikali ya Uingereza iliunda tume iliyofanya majaribio kwa takriban miaka 10, na taarifa yake ya mwisho ya mwaka 1911 ilithibitisha kwamba binadamu, hasa watoto, huambukizwa kifua kikuu kwa maziwa ya ng'ombe. Ushauri wa kuchemsha maziwa, unaotolewa katika kliniki za mama na mtoto kote Usukumani, unasimama juu ya kazi ya wale waliothubutu kumhakiki mtu mashuhuri.

MALALE: MWANZA NA VISIWA VYA SESE

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika Mashariki, akaichunguza homa ya papasi. Alionyesha kwamba papasi jike hupitisha vijidudu vya homa hiyo hadi katika mayai yake, hivyo kizazi kipya huzaliwa kikiwa tayari na uwezo wa kuambukiza. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Wakati huo malale ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Uganda na visiwa vya Ziwa Victoria. Mwaka 1906 Koch alifika Mwanza pamoja na Friedrich Karl Kleine na wenzao. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache upande huo, walivuka hadi visiwa vya Sese, vilivyokuwa chini ya utawala wa Waingereza, na kwa ruhusa yao wakajenga kambi katika kisiwa cha Bugala. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine wakibebwa na ndugu zao.

Dawa iliyotumika iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na aseniki. Koch alianza kwa nusu gramu, sindano mbili kwa siku mbili mfululizo, na kurudia kila baada ya siku 10. Alivuta majimaji ya tezi za shingo, na alipoona vimelea vimetoweka, aliona ameipata tiba. Kwa baadhi ya wagonjwa vimelea vilirudi. Ndipo alipoongeza kipimo hadi gramu moja. Wagonjwa walipata maumivu makali na kizunguzungu, wengine wakatoroka kambini. Zaidi ya watu 20 walipofuka macho, na upofu wao haukupona. Kipimo hicho kikubwa kiliachwa, lakini kwa waliopofuka ilikuwa imechelewa.

Makosa yalikuwa mawili. Kutoonekana kwa kimelea katika tone moja la majimaji kulichukuliwa kuwa ni kupona, ilhali vimelea vya malale huweza kujificha katika ubongo na uti wa mgongo na kurudi baada ya miezi mingi. Tena, kipimo kiliongezwa kwa watu wengi kabla madhara yake hayajajulikana kwa wachache. Watu wa Sese walikuwa chini ya utawala wa kigeni na hawakuwa na sauti ya kuhoji. Majina yao hayakuhifadhiwa kama lilivyohifadhiwa jina la daktari. Kila utaratibu wa leo unaodai ridhaa ya mgonjwa, ufuatiliaji wa muda mrefu na kuandikwa kwa kila dhara la dawa una deni kwa watu kama hao.

Koch aliondoka mwishoni mwa mwaka 1907. Kleine alibaki, na mwaka 1909 alithibitisha kwamba mbung'o hawi na uwezo wa kuambukiza mara tu baada ya kumnyonya mgonjwa, bali kimelea hukua kwanza ndani yake kwa wiki kadhaa. Kwa mara nyingine msaidizi alilisahihisha lile ambalo wakubwa walikuwa wamelikubali.

KUFARIKI KWAKE NA URITHI ALIOUACHA

Robert Koch alifariki dunia tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, Ujerumani, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi ya utafiti iliyoanzishwa kwa ajili yake mwaka 1891, ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Nchini Tanzania kazi yake ilipata uhai mpya mwaka 1977, ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Daktari Karel Styblo, aliyeshirikiana na serikali katika mpango huo, alisimamia jambo moja kwa uthabiti: mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu athibitishwe kwa makohozi chini ya hadubini, na mwendo wa tiba yake uandikwe hadi mwisho. Mfumo uliojengwa Tanzania ulikuja kuigwa na mataifa mengi. Ndani yake uliwekwa utaratibu wa kuchukua baadhi ya vioo vilivyokwisha kusomwa na kuvipeleka kwa msomaji wa pili asiyejua jibu la kwanza. Lengo ni kulinda ukweli wa majibu, wala si kumshitaki msomaji wa kwanza. Kwa mchimbaji wa dhahabu wa Geita, ambaye vumbi la mwamba humwongezea hatari ya kifua kikuu, jibu la uongo la kwamba hana ugonjwa humrudisha shimoni na kwa familia yake akiwa bado anaambukiza. Jibu la uongo la kwamba anao humtwika miezi mingi ya dawa zisizomhusu.

Haja hiyo haikuisha na nyakati za Koch. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wagonjwa waliolazwa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania wakiaminiwa kuwa na malaria kali ulionyesha kwamba chini ya nusu yao ndio waliokutwa na vimelea vioo vyao viliposomwa kwa uangalifu. Wengine walikuwa na magonjwa mengine yaliyohitaji dawa nyingine, na huenda hawakuzipata. Tangu hapo vipimo vya haraka vimesambazwa hadi kwenye zahanati, lakini kipimo huwa na manufaa pale tu anayekitumia anapoliheshimu jibu lake.

Daktari Koch aliwafundisha watu kuuliza ushahidi, na somo hilo lilikuwa na nguvu kuliko yeye. Virchow alilitumia juu ya tuberkulini, Theiler juu ya ndigana kali, tume ya Uingereza juu ya maziwa, na Kleine juu ya mbung'o. Katika kila jambo kati ya hayo, usalama wa wagonjwa na mifugo ulipatikana kwa sababu mtu alikitazama kioo mara ya pili, ijapokuwa kilikuwa kimekwisha kutazamwa na bingwa. Wauguzi, wataalamu wa maabara na waganga wa mifugo wanaofanya hivyo katika Shinyanga na Geita, mara nyingi kwa umeme unaokatika na foleni isiyopungua, wanaiendeleza kazi yake iliyo bora.